Vipandikizi vya Prunus africana vinaoza kitako, hakuna mzizi (Lushoto)

kitalu_soni:
Habari wakuu. Tuko Soni, maabara ndogo na kitalu. Tunazalisha Prunus africana, mti ule Wachagga wanaouita mkondekonde, kwa vipandikizi kwa sababu mbegu yake haikai. Miezi michache tu uotaji unaporomoka. Tumeweka vipande 120 vya sm 15 kutoka ncha za matawi ya mti mkubwa unaozaa. Kila kipande kina majani mawili mazima, kimepakwa unga wa IBA (homoni ya kuotesha mizizi) wa 0.8% na kuchomekwa kwenye mchanga laini wa mtoni, ndani ya boksi la nailoni. Tuliviweka mwanzoni mwa Julai. Wiki ya tatu vitako vimekuwa vyeusi na majani yanadondoka. Tuongeze homoni?

mizizi_kwanza:
Usiongeze, mkuu. 0.8% tayari ni kali kwa kipande laini. Lakini kosa kubwa liko kwenye mti mama. Tawi la juu la mti unaozaa limeshazeeka kiumbile, hata likiwa la kijani, na halitoi mizizi kirahisi kwa homoni yoyote. Tafuta maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe, yahamishie kwenye tuta lenye mboji, yakishika vizuri yakate sm 30 kutoka ardhini. Machipukizi yatakayotoka kwenye visiki hivyo ndiyo ya kukata, yakiwa bado hayajawa magumu.

Kata alfajiri, funga kwenye gunia bichi, chomeka siku hiyohiyo. Urefu sm 5 hadi 8 unatosha. Acha jani moja au mawili, kila moja ulipunguze kwa mkasi libaki nusu. Bila jani kipande hakina chakula cha kujengea mzizi. Jani zima nalo linapoteza maji ambayo kitako kisicho na mizizi hakiwezi kuyarudisha. Ndiyo maana yenu yamedondoka.

boksi_la_nailoni:
Mchanga laini ndio unaoozesha. Unashika maji, hewa haipiti, kitako kinakosa oksijeni na kuvu wanaingia. Tandika nailoni nzito chini ya boksi, panga mawe, kisha kokoto, kisha mchanga wa chembe kubwa, jumla sm 20 hivi. Juu yake weka sm 10 za unga wa mbao uliokaa mvuani hadi ukaoza. Ule mbichi una utomvu unaozuia mizizi. Simamisha kipande cha mwanzi hadi chini, ndimo mtakamojazia maji na kupima kina kwa kijiti. Maji yaishie chini ya tabaka la unga wa mbao, yasiliguse. Mfuniko ubane, kivuli kiwe kizito, na mkifunua asubuhi mnyunyizie majani kabla ya kufunga.

Na Julai! Kipupwe cha Lushoto kinapoza udongo wa boksi usiku kucha. Mizizi inataka nyuzi 20 hadi 25 hivi, na kwenye baridi kuvu huwahi kabla ya mizizi. Subirini Septemba au Oktoba.

kitalu_soni:
Asanteni sana. Tuna IBA safi ya maabara. Tuipime vipi?

mizizi_kwanza:
Anza na 0.2%. Pima gramu 0.2, iyeyushe kwanza kwenye ml 50 za ethanoli, kisha ongeza maji yaliyochujwa hadi ml 100. Ukianza na maji haiyeyuki. Mimina kidogo kwenye kikombe, chovya sm 1 ya kitako sekunde 5, kisha pepea mpaka ethanoli ikauke. Ikiingia mbichi ardhini inaunguza. Kilichobaki kikombeni kimwagwe, kisirudi kwenye chupa. Chupa ikae kwenye friji, gizani. Tengeni vipande 20 bila homoni kwa kulinganisha.

msitu_wa_juu:
Msichukue chipukizi zote kwenye mti mmoja. Mti huu uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu 1995, kwa sababu ya biashara ya magome ya dawa ya tezi dume. Mkijaza milima yetu na nakala za mti mmoja, ugonjwa mmoja utazimaliza zote. Kusanyeni kutoka miti mama 30 au zaidi, iliyo mbalimbali, kila mmoja na namba yake kwenye kibao na daftarini. Kama ni msitu wa hifadhi, kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kitangulie mkasi.

boksi_la_nailoni:
Nyongeza: vikianza kutoa mizizi msivihamishe mapema. Subirini mizizi ifike sm 2 au 3, tieni kwenye viriba, rudisheni viriba ndani ya boksi wiki moja, kisha fungueni mfuniko kidogokidogo kwa wiki mbili. Vingi hufa hapo, si kwenye unga wa mbao.