Naombeni ushauri: tuliuziwa sola ya wati 4,400, haitoi hata robo ya tulichoahidiwa. Tuna haki gani?

BintiNuru

Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, maana mimi na mume wangu tumefika mahali hatujui tushike lipi.

Mwaka jana walikuja nyumbani vijana wa kampuni ya sola. Wakatazama paa, wakauliza bili yetu ya mwezi, wakapiga hesabu palepale mezani: paneli 8 za wati 550, betri 4, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 5. Wakasema mfumo utatoa uniti 50 kwa siku, betri zitabeba uniti 10 za usiku, na bili ya umeme tuisahau. Karatasi ya makadirio walituachia, ina mhuri wao na sahihi ya aliyetuuzia. Fedha taslimu hatukuwa nazo, wakatuunganisha wenyewe na taasisi ya mikopo, tukasaini siku hiyohiyo. Marejesho ni ya miaka 5.

Hali ilivyo sasa: siku ya jua kali kabisa, kioo cha inveta kinasoma uniti 9 au 10. Haijawahi kuvuka 12. Usiku tunawasha taa, friji na televisheni tu, na ikifika saa nne betri zinalia. Bili imepungua, sikatai, lakini ukijumlisha bili na rejesho tunalipa zaidi ya zamani. Kampuni tukiwapigia wanasema ni hali ya hewa. Mkopeshaji anasema yeye alitoa hela tu, mambo ya sola hayamhusu. Na mkataba una mstari unaosema maelezo ya mdomo si sehemu ya makubaliano.

Je, tusimamishe marejesho? Kuna njia ya kurudishiwa fedha? Halafu jana kuna mtu kapiga simu, anasema anawarudishia watu hela za sola walizopigwa, ila anataka kwanza ada ya kufungua faili. Nisaidieni jamani.

FundiWaJuu

Pole sana dada. Kazi yangu ni kufunga sola, kwa hiyo nitajibu upande wa kitaalamu, wa sheria watakuja.

Hiyo 50 naijua ilikotoka. Kilowati 4.4 mara saa 12 ni 52.8. Wamehesabu jua toka linachomoza hadi linazama kana kwamba muda wote ni saa sita mchana. Hakuna fundi mkweli anayehesabu hivyo. Sisi tunatumia saa za jua kamili, yaani jua lote la siku likikusanywa kana kwamba liliwaka kwa nguvu ya saa sita mchana, ambazo penye jua zuri ni kati ya 4 na 6 kwa siku. Tuseme 5: 4.4 mara 5 ni 22. Toa asilimia 20 hivi ya joto, vumbi, nyaya na inveta, unabaki na uniti 17 au 18. Joto lisidharauliwe: wati zinazoandikwa kwenye lebo hupimwa maabara, seli zikiwa nyuzi 25, wakati paani paneli hufika nyuzi 60 na kila nyuzi inayoongezeka inakata kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu.

Kwa hiyo una mambo mawili, usiyachanganye. La kwanza ni ahadi ya 50 ambayo haikuwezekana tangu mwanzo. La pili ni kwamba hata hizo 17 huzipati, unapata 10. Hilo la pili ndilo linanitia wasiwasi zaidi.

Tafuta fundi asiye wa kampuni ile, apime urefu na upana wa paneli moja kwa tepu, apige picha lebo ya nyuma. Msipande wenyewe. Umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri) wa paneli zilizoungwa mfululizo unaua, na kwenye paneli hauzimiki maadamu jua lipo. Na uniambie betri ni za aina gani.

Jasiri_wa_Haki

Acha kulipa hata leo! Wakija kung'oa, wang'oe vitu vyao. Huwezi kulipia kitu kisichofanya kazi miaka mitano.

DadaWaMikopo

Jasiri, hasira yako naielewa, lakini ushauri huo utamwumiza. Nimekaa kwenye dawati la mikopo muda mrefu na nimeona watu wenye madai ya haki kabisa wakigeuka wadaiwa sugu kwa sababu walisimamisha marejesho kimyakimya. Ukishachelewa, mazungumzo hayahusu tena sola mbovu, yanahusu deni lako. Jina linapelekwa kwenye kumbukumbu za wakopaji, na mikataba mingine inampa mkopeshaji haki ya kuchukua paneli. Zikichukuliwa, ushahidi wako umeondoka nazo.

BintiNuru, lipa, ila andika barua kwamba mnalipa huku mkiwa na pingamizi, na muombe marejesho yasitishwe wakati malalamiko yanachunguzwa. Wakikubali, wakubali kwa maandishi. Ahadi ya simu usiitegemee.

Huyo anayetaka ada ya kufungua faili, usimpe hata shilingi, wala nakala ya kitambulisho. Orodha za wateja wa kampuni za namna hii huuzwa, ndiyo maana amejua una sola. Wanaotapeliwa mara ya pili ni wengi, na inauma kuliko ya kwanza.

BintiNuru

Asanteni sana. Fundi amekuja leo. Paneli ina urefu wa mita 1.76 na upana 1.04. Lebo kweli inasema 550. Betri ni za jeli, kila moja volti 12, Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) 200. Pia ameona kwamba jengo la jirani linatia kivuli paneli 3 kuanzia saa tisa alasiri. Jengo hilo lilikuwepo walipokuja kuuza.

FundiWaJuu

Ndicho nilichokihofia.

1.76 mara 1.04 ni mita za mraba 1.83. Kipimo cha maabara ni mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paneli yako inapokea wati 1,830. Ili itoe 550, lazima igeuze asilimia 30 ya mwanga kuwa umeme. Paneli bora kabisa zinazouzwa kwa ajili ya majumba zinageuza asilimia 22 hadi 24. Paneli halisi ya 550 ni kubwa, urefu wake hukaribia mita 2.28 na upana 1.13. Yako, kwa ukubwa huo, ni ya wati 370 hadi 390 iliyobandikwa lebo ya 550.

Sasa rudia hesabu. 8 mara 380 ni wati 3,040. Mara saa 5, toa asilimia 20: uniti 12. Ndiyo ile 12 ambayo inveta yako haijawahi kuivuka. Kivuli cha alasiri kinakula zinazopungua hapo, maana paneli zilizo mfululizo, chache zikifunikwa, zinaweza kuzishusha nguvu na zile nyingine.

Betri: 4 mara 12 mara 200 ni wati-saa 9,600, na uniti moja ni wati-saa 1,000, ndiyo "uniti 10" yao. Lakini betri za jeli hushauriwa kutumia nusu tu ya ujazo, ukizikausha kila usiku zinakufa mapema. Kwa hiyo mna uniti 5 kasoro. Punguzeni matumizi ya usiku sasa hivi wakati kesi inaendelea, msiziue.

Kingine, nakili namba ya utambulisho ya kila paneli, mwandikie mtengenezaji aliyetajwa kwenye lebo, muulize paneli zenye namba hizo ni za wati ngapi na kama zina vyeti vya IEC 61215 na IEC 61730, ambavyo ni viwango vya kimataifa vya ubora na usalama wa paneli. Akijibu kwamba si zake, au ni zake ila ni za wati 380, barua hiyo ina uzito kuliko maneno yangu yote.

Mzee_wa_Mikataba

Binti, vipimo hivyo vimebadilisha kesi yako. Mwanzo ulikuwa na ahadi iliyotiwa chumvi, na muuzaji angesema "yalikuwa makadirio tu". Sasa una bidhaa isiyolingana na maelezo yake, na sheria za kumlinda mlaji karibu kila mahali zinaligusa hilo moja kwa moja. Ule mstari wa maelezo ya mdomo usikutishe. Lebo si mdomo. Karatasi yenye mhuri si mdomo. Ujumbe wa WhatsApp kama mlitumiana nao si mdomo.

Mwandikieni muuzaji barua moja fupi: nini kiliahidiwa, nini kilifungwa, vipimo vya fundi, picha, na mnataka nini. Chagueni: wabadilishe paneli ziwe za 550 kweli na wazihamishe kutoka kwenye kivuli, au wapunguze bei kwa kiwango cha upungufu, au wachukue mfumo wote, warudishe fedha na mkopo ufutwe. Mpeni siku 14 za kujibu. Nakala iende kwa mkopeshaji siku hiyohiyo, na mtake awagongee muhuri wa kupokea.

Kuhusu mkopeshaji kusema hayamhusu: muuzaji ndiye aliyemleta, mkasaini mezani pamoja. Mkopo wa namna hiyo umefungamana na mauzo, na zipo nchi ambazo sheria inamshika. Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 kinamfanya mkopeshaji awajibike sambamba na muuzaji, kwa bidhaa ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000, na wenye nyumba wengi waliouziwa sola kwa ahadi hewa kule wamedai kwa njia hiyo. Mwulize wakili au ofisi ya msaada wa kisheria kama sheria ya kwenu ina kifungu kinachofanana.

Wakinyamaza, peleka lalamiko kwa chombo cha kulinda walaji, kwa msimamizi wa taasisi za fedha, na kwa mdhibiti wa nishati kama ndiye anayewapa mafundi leseni. Mahakama iwe ya mwisho, na mara nyingi ile ya madai madogo inatosha bila wakili. Usikae sana, madai yana ukomo wa muda.

DadaWaMikopo

Naongeza kwa wengine mnaosoma ambao ndiyo kwanza mmesaini. Mauzo ya mlangoni yana kinga yake sehemu nyingi. Umoja wa Ulaya unampa mnunuzi siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, Marekani siku 3 za kazi. Na kama ulilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, iombe benki yako irejeshe muamala. Dirisha hilo kwa kawaida ni siku 120, likifunga limefunga.

BintiNuru

Wazee wangu, kabla hata hatujapeleka barua, mume wangu aliwagusia kwamba tumepima paneli. Leo wamepiga wenyewe, sauti ya upole kabisa. Wanasema watakuja kuongeza paneli 2 bure, ila tusaini karatasi kwamba hatuna dai lingine lolote. Tusaini?

FundiWaJuu

Paneli 2 kama hizo ni wati 760. Zinakufikisha 3,800, bado hujafika 4,400 uliyolipia, na kivuli na betri viko palepale. Waulize pia paneli hizo ni za aina gani na wataziunga wapi. Kuchanganya paneli zisizolingana kwenye mfululizo mmoja kunaishusha nguvu yote.

Mzee_wa_Mikataba

Msisaini. Kwamba wamepiga wenyewe inaonyesha wanajua mmeshika nini. Wajibuni kwa maandishi kwamba mmepokea pendekezo, mnawaletea barua yenu na mtasubiri jibu lake, na kwamba lolote watakalofunga kwa sasa halifuti madai yenu. Kisha pelekeni barua kesho asubuhi. Na mtu yeyote wa kampuni asipande paani kabla paneli zote 8 hazijapigwa picha, lebo na namba zake zikionekana. Wakitaka kuondoka na paneli hata moja kwa ajili ya "uchunguzi", waandike na kusaini wamechukua nini, lini, na wataileta lini.

BintiNuru

Nimeelewa, hatusaini. Picha fundi wetu anakuja kuzipiga kesho saa mbili asubuhi, na barua mume wangu anaiandika sasa hivi. Akimaliza naiweka hapa muikague, majina nitayafuta.