Mjadala: Matangazo ya "tiba ya tezi dume bila upasuaji" yapigwe marufuku au yaachwe?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Ukiwasha redio au ukipita stendi hukosi kusikia dawa ya mitishamba inayoponya tezi dume. Mimi nasema matangazo hayo yapigwe marufuku. Mitishamba yenyewe sina ugomvi nayo.

Wapo madaktari wanaoikataa yote kwa mkupuo, na hapo sikubaliani nao. Chukueni Prunus africana, mti wa milimani ambao Wakikuyu huuita muiri, unaoota kuanzia Kenya na Tanzania hadi Kongo na Kameruni. Dondoo la magome yake, yaani dawa iliyokamuliwa humo, limetumika Ufaransa kwa miongo kadhaa kutibu tezi iliyovimba. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume zaidi ya 1,500, yakaona kwamba uwezekano wa kusema wamepata nafuu ulikuwa mara mbili hivi kwa waliotumia dondoo hilo kuliko kwa waliopewa dawa bandia, na kuamka usiku kukojoa kulipungua kwa asilimia 19 hivi. Si haba. Ila majaribio mengi yalikuwa madogo, ya muda mfupi, na kilichopimwa ni dondoo lenye kiwango maalumu. Unga unaouzwa stendi kwenye chupa ya maji hakuna anayejua una nini wala kiasi gani.

Tena mmea kupendwa hakuufanyi uwe dawa. Saw palmetto, mmea wa Marekani wa jamii ya mitende unaouzwa kama dawa ya tezi dume, ilinunuliwa na mamilioni ya wanaume. Ilipojaribiwa kwa wanaume 369, mpaka dozi mara tatu ya kawaida, matokeo yaliyochapishwa 2011 hayakuonyesha tofauti yoyote na vidonge visivyo na dawa.

Najua mtakachosema: hospitali iko mbali, daktari wa njia ya mkojo yuko mkoani, mzee hana nauli. Ni kweli, na inauma. Lakini wengi hawakwami kwenye nauli, wanakwama kwenye woga wa kile kipimo cha kidole, na muuza dawa anaujua woga huo vizuri kuliko sisi. Anamwambia mzee asiende. Huko nyumbani mkojo unaanza kukatika-katika, siku moja unaziba kabisa, mzee anakimbizwa usiku kuwekewa mpira wa kutolea mkojo, na figo zimeshaanza kuharibika. Wengine shida haikuwa uvimbe wa kawaida, ilikuwa saratani, na miezi ambayo ingetibika imeishia kwenye chupa.

Na mti nao unaisha. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa sababu ukiubandua magome kuzunguka shina lote, mara nyingi unakufa.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na baraza la kuisimamia. Kwa hiyo sidai waganga wafungiwe. Wasajiliwe, dawa zao zipimwe, wauze, lakini asipewe dawa mtu ambaye hajapimwa, na neno "kupona" litoke kwenye tangazo mpaka lithibitishwe.

Mnaotetea matangazo haya, nijibuni jambo moja: muuzaji wa stendi anatofautishaje tezi iliyovimba tu na yenye saratani, wakati dalili zinaweza kufanana na yeye hana kipimo hata kimoja?