MREJESHO: Nilivyokuwa nikipigwa kila mara kwenye Civilization VI

Habari wakuu. Mwezi uliopita nililalamika hapa kwamba kwenye mchezo huu wa kompyuta wa kujenga himaya, kufika zamu ya 100 nina miji miwili tu, wenzangu wana sita. Asanteni sana mlionijibu, hata yule aliyenicheka kwa kung'ang'ania Stonehenge, moja ya maajabu ambayo mchezaji mmoja tu ndiye anayeweza kuyajenga. Alikuwa na haki ya kucheka: nilikuwa naijenga zamu nenda rudi, halafu mwingine anaimaliza kabla yangu.

Safari hii maajabu nimeyaweka kando. Nimetanguliza mpelelezi, warusha kombeo wawili, kisha walowezi mfululizo. Zamu ya 70 nilikuwa na miji mitano! Ushauri wa kumuwahi mpelelezi wa wavamizi ndio ulionisaidia zaidi. Kumbe akishauona mji wako akarudi kambini salama, ndipo kundi zima linakuja. Zamani nilikuwa namwangalia tu anapita. Safari hii kombeo lilimmaliza karibu na mto, na kwa kumuua hivyo utafiti wa upinde ukapata msukumo wa bure.

Kampasi (mitaa ya sayansi) nimezibana milimani mlivyosema, sayansi imepanda vizuri.

Pale nilipochemka: mji wa tano niliuweka mlangoni kwa jirani mwenye watu wengi. Utii wa mji huo kwangu ukashuka kila zamu, gavana nikamkumbuka mambo yameshaharibika, mji ukaasi. (Nina nyongeza ya Rise and Fall; bila hiyo au ile ya Gathering Storm, habari ya utii haikuhusu.)

Sijashinda bado, niko wa pili kwa alama. Kwa mara ya kwanza siyo wa mwisho.