Gari la Ulaya kwa wiki 5: kukodi au kuchukua lizi?

Baba Mapacha, Mississauga

Habari za humu ndani, ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Mwezi wa saba, inshallah, tunakwenda Ulaya wiki 5. Tuko sita: mimi, mama watoto, mapacha, kaka yao na mama yangu mzazi. Tunatua Paris, tunapita Brussels kwa dada yangu, halafu Lyon, halafu harusi Milan, ndipo turudi Paris kupanda ndege. Nilipiga hesabu ya treni kwa watu sita na masanduku ya harusi, nikafunga kompyuta. Kwa hiyo ni gari, na liwe la viti 7.

Shida ni bei. Kila nikiweka viti 7 na gia otomatiki, kampuni za kukodi zinapanda juu kama nimeomba basi. Jamaa mmoja hapa ananiambia achana na kukodi, chukua lizi ya Ufaransa. Mimi lizi naijua ya miaka mitatu, unalipa kila mwezi. Mwenye kujua anifungue macho. Na mume wa dada yangu ataweza kunipokea usukani? Peke yangu nitachoka.

Mzee wa Calgary

Marahaba mwanangu.

Huyo jamaa yako hajakudanganya. Wafaransa wana utaratibu wao wa TT (transit temporaire, yaani gari la mgeni anayepita kwa muda), na kampuni za magari yao, kama Renault na Peugeot, wanauendesha kwa ajili ya wageni. Inaitwa lizi, lakini kwenye karatasi unanunua gari jipya kabisa bila VAT, ambayo kule ni asilimia 20, na siku ya kurudisha wanalinunua tena kwa bei mliyoandikiana tangu mwanzo. Wewe mfukoni unatoa ile tofauti tu, na unaitoa yote kabla ya safari. Kadi ya gari inatoka kwa jina lako. Namba zake ni nyekundu, utajulikana mgeni kutoka mbali. Kwa sababu hiyo usiache hata koti kwenye kiti ukienda kula.

Sharti kubwa ni kwamba uwe unaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Sisi wa Kanada tumo, wa Marekani wamo, ndugu zetu wa Muscat na Dubai wamo. Muda kwa kawaida unaanzia siku 21, ukomo 175.

Sasa usilinganishe bei ya siku kwa bei ya siku, utapotea. Angalia bima. Lizi inakuja na bima kubwa ndani yake, huchangii senti gari likikwaruzwa au kuibiwa, na inafanya kazi nchi zaidi ya 40. Gari la kukodi lina bima pia, lakini kuna sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, mara nyingi euro 1,000 mpaka 2,000 na zaidi, na pesa hiyo wanaizuia kwenye kadi yako ya mkopo siku unayochukua funguo. Ukitaka kuiondoa, kijana wa kaunta anakuuzia bima ya juu kwa siku. Tuseme gari euro 45, na bima hiyo euro 20. Kwa siku 35 umeongeza euro 700, na hujaweka dereva wa pili, ambaye naye mara nyingi hulipiwa kwa siku.

Kampuni moja ilinitoza kwa mkwaruzo wa rimu ambao hata kwa miwani niliutafuta. Kijana alipiga magoti, akapitisha kidole, akasema "hapa". Tangu hapo gari la kukodi silitoi uwanjani kabla sijalipiga video: bampa zote mbili, rimu zote nne, kioo cha mbele, na geji ya mafuta.

Kama kadi yako ya benki inajigamba kuwa na bima ya magari ya kukodi, soma maandishi madogo. Nyingi za Kanada zina ukomo wa siku 31 au 48 kwa mkataba mmoja. Wewe una 35. Ukiwa kwenye ile ya 31, kampuni nyingine za bima haziruki zile siku 4 za mwisho tu. Zinakataa mkataba mzima.

Ungekuwa unakwenda siku kumi, ningekwambia kodi bila kufikiri. Kwa wiki 5 na familia, mimi nachukua lizi. Ila chukulia Ufaransa na rudishia Ufaransa, maana kulipokea au kuliacha Milan au Brussels kuna nyongeza nzito. Safari yako bahati nzuri ni Paris kwa Paris. Agiza mapema, magari ya viti 7 kama Peugeot 5008 hayangoji watu, na otomatiki vilevile. Na wanakukabidhi likiwa na mafuta ya kukufikisha sheli tu. Usiingie barabara kuu kwanza.

Mama Mdogo, Cologne

Mzee shikamoo, umeeleza vizuri. Naongeza la upande wetu, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anachanganya.

Sisi tunaoishi huku TT hatuigusi kabisa. Lizi ya Ujerumani ni ile anayoijua Baba Mapacha: miezi 24, 36 au 48, wanakuangalia kwanza Schufa, yaani rekodi yako ya madeni, na umepewa kilomita za mwaka, labda 10,000. Ukizipita unalipa kila kilomita. Hiyo si ya mtu wa likizo.

Na hapo ndipo penye jibu la shemeji. Anaishi Brussels, kwa hiyo gari la TT asilishike. Halikulipiwa kodi, wanaoruhusiwa ni wewe na watu wako wa karibu wanaoishi nje: mke, wazazi, watoto wenye leseni. Akikutwa yeye kwenye usukani, bima inaweza kukuruka na forodha wakawa na maswali. Kwa gari la kukodi shemeji angeandikwa dereva wa ziada, mkalipa, basi. Kwa hiyo jiulize kwanza: mke wako ana leseni na anapenda kuendesha? Kama ndiyo, lizi. Kama hapendi, Paris mpaka Milan kwa mtu mmoja ni mbali.

Brussels ina ukanda wa hewa safi, na gari la namba za nje linaandikishwa mtandaoni kabla ya kuingia. Ni bure, lakini usipofanya faini inakuja. Ukishapewa namba pale Paris, jiandikishe palepale kwenye simu. Milan nayo ina Area C, eneo la kulipia kuingia na gari, katikati ya mji siku za kazi, euro 7.50 kwa siku. Italia kwa jumla iogopeni kamera za mitaa ya katikati iliyofungwa kwa magari yasiyo na kibali: faini hukufuata mpaka nyumbani, na kampuni ya kukodi hukukata ada yake juu ya faini kwa kazi ya kutaja jina lako tu. Mkipita Uswisi wakati wa kurudi, stika ya barabara ni faranga 40, na handaki la Gotthard limo humo humo.

Leseni ya Ontario peke yake Italia haitoshi, wanataka na ile ya kimataifa. Kwenu inatolewa na CAA, chama cha wenye magari.

Baba Mapacha, Mississauga

Asanteni sana, Mungu awazidishie. Mama watoto anaendesha kunishinda, kwa hiyo shemeji atakaa nyuma. Swali la mwisho: mama yangu ana kadi ya ukaazi ya Kanada, pasipoti ni ya Tanzania.

Mama Mdogo, Cologne

Basi mwanzie yeye kabla ya gari! Kadi ya Kanada haimwingizi Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, anahitaji viza. Ombeni kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Kama ni Ufaransa, kwa Wafaransa. Ada ni euro 90, na wanataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Hiyo ni ya mwili wake, bima ya gari haihesabiki. Kwa kiangazi miadi inajaa upesi, na lizi ikishalipwa yote, kubadilisha tarehe kwa sababu ya viza ni usumbufu. Uliza masharti ya kughairi kabla hujatuma pesa.

Mzee wa Calgary

Na wote mkumbuke mgeni anakaa Schengen siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Lizi ya siku 175 isimpe mtu tamaa, gari linaweza kukaa muda ambao pasipoti yako hairuhusiwi.