Kutunza vifuniko vya kauri vya meno

Swali (Mafinga): Ndugu zangu, nimebandikwa vifuniko vya kauri kwenye meno ya mbele, nami hunywa chai ya rangi kutwa. Nifanye nini vidumu?

Jibu (Mbeya mjini): Kauri yenyewe haishiki rangi kwa urahisi, kinachobadilika ni gundi ya pembezoni. Tumia mswaki laini na dawa isiyokwaruza, kisha pitisha uzi katikati ya meno, kwa sababu jino lililo chini bado linaweza kuoza ukingoni mwa fizi. Vikitunzwa, mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15.

Jibu (Tukuyu): Naongezea, ndugu: mahindi ya kuchoma yapukuchue, usiyang'ate kwenye gunzi. Ukisaga meno usingizini, mwombe daktari kinga ya kuvaa usiku, maana msuguano huo huweza kupasua kauri.