MREJESHO: Yule mteja wa Ujerumani aliyezuia malipo yetu

Wakuu, habari zenu. Niliomba ushauri kuhusu mteja wa Ujerumani ambaye kikundi chetu hapa Tabora humwandikia mazungumzo ya Kiswahili yaliyorekodiwa. Alizuia malipo, na barua pepe zake kali ziliwakatisha vijana tamaa. Asanteni sana kwa michango.

Nilifuata ule wa kuacha kujibizana kwa maandishi, nikampigia simu ya video. Akawa mtu mwingine kabisa. Kumbe ndivyo anavyosahihisha kazi, hana chuki. Tukaandika pamoja kosa ni lipi, nani analirekebisha na ndani ya siku ngapi, malipo yakawa kwa awamu. Sasa analipa kwa wakati. Tunaongea kila Jumatatu (mkipanga vikao na Ujerumani, kumbukeni wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tofauti inakuwa saa mbili badala ya moja).

Kudai malimbikizo ya nyuma hakukufaulu vizuri. Alikubali nusu tu, na binti mmoja hodari sana ameshaondoka. Hilo linaniuma. Mlioshauri tuweke msuluhishi, kipengele hicho kimeingia kwenye mkataba mpya, ila hatujakitumia bado.