Naomba ushauri: toga za igizo la mauaji ya Julius Caesar

MwalimuSanaa:
Wakuu, habari zenu. Kidato cha tatu wanaandaa igizo la mauaji ya Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, 15 Machi 44 KK. Nahitaji toga nane (zile nguo pana za kujitanda za Warumi) kwa bajeti ya shule. Tumejaribu mashuka, yanaporomoka kila mwigizaji anaponyoosha mkono. Nitumie kitambaa gani, kiasi gani, na toga inavaliwaje? Na je, zote ziwe nyeupe pee?

FundiMkasi:
Mwalimu, shuka ni jepesi na lina pembe nne. Toga ilikatwa kwa mviringo upande mmoja, ikawa ya sufu, na uzito wa sufu pamoja na mkono wa kushoto ndivyo vilivyoishikilia. Haikuwa na kifungo.

Nunua marekani nzito ya upana wa sm 150, karibu mita 4.7 kwa kila mtu. Satini usiiguse, inateleza kuliko shuka. Fua kwanza kwa sababu marekani husinyaa, kisha kata mita 4.5 na uikunje katikati ibaki mita 2.25. Pindo moja refu liache limenyooka, upime kutoka hapo kwenda chini: kwenye mkunjo sm 145, ukisogea sm 75 kutoka kwenye mkunjo, sm 137, ukisogea 150, sm 108, ukisogea 200, sm 66, nchani sifuri. Unganisha alama kwa chaki, kata tabaka zote mbili pamoja.

Kuvaa: pindo lililonyooka liwe upande wa shingo. Ncha ya kwanza iteremke mbele kutoka bega la kushoto hadi kwenye muundi. Nguo iliyobaki ipite mgongoni, chini ya kwapa la kulia, ikatize kifuani, irushwe juu ya bega lile lile la kushoto na kuangukia nyuma. Mkono wa kulia unabaki huru. Wa kushoto ukunjwe muda wote. Akiuinua tu, nguo yote inashuka. Kwa hiyo majambia na ishara zote ni mkono wa kulia.

MpenziWaRumi:
Kuhusu rangi, marekani isiyopaushwa ndiyo hasa inayofaa, maana toga ya kila siku ilikuwa na rangi ya sufu yenyewe. Nyeupe ya kung'aa ilikuwa ya wagombea uongozi, walioipaka chaki. Maseneta, yaani wajumbe wa Seneti, baraza kuu la Roma, watofautishe kwa kanzu ya ndani: mistari miwili mipana kutoka mabegani hadi pindoni. Rangi iwe karibu na damu ya mzee, si zambarau ya maua. Ile ya kweli ilitoka kwa konokono wa baharini. Calpurnia, mke wa Caesar, asivishwe toga kabisa. Kwa mwanamke wa Roma ilikuwa alama ya ukahaba.

Caesar mwenyewe ana mambo yake. Kanzu yake ilikuwa na mikono mirefu yenye tamvua, na mkanda aliufunga kwa kulegea, hadi Sulla, dikteta wa Roma enzi za ujana wake, akawaonya wakubwa wenzake wajihadhari na kijana yule. Alikuwa na upara uliomkera. Kati ya heshima zote alizopewa na Seneti, aliyoipenda zaidi ni ruhusa ya kuvaa taji la majani ya mlori (laurel) wakati wote. Msimnyime taji hilo.

MwalimuSanaa:
Asanteni sana. Sasa toga ya Caesar niishikize begani kwa pini ili isianguke?

MpenziWaRumi:
Hapana! Tillius Cimber, mmoja wa wauaji, alianza kwa kuivuta toga hiyo kutoka mabegani, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kushambulia. Pini itachana kanzu au kumchoma kijana. Kisha Caesar alipoona amezingirwa alijifunika kichwa kwa toga, na kwa mkono wa kushoto akashusha mkunjo wake hadi miguuni ili aanguke kwa stara. Bila nguo iliyolegea huwezi kuonyesha hilo, na ndicho kitendo kizito kuliko vyote katika igizo lako. Alichomwa mara 23, lakini tabibu Antistius aliona jeraha moja tu la kuua, la pili, kifuani. Damu nyingi basi iwe hapo. Na mandhari isiwe jengo la kawaida la Seneti: aliuawa katika ukumbi wa Pompeius, hasimu wake wa zamani, akaanguka chini ya sanamu ya Pompeius. Wekeni sanamu jukwaani.

FundiMkasi:
Wale wengine saba wapige bandi mishono mitatu kwenye bega la kushoto, ishike kanzu na toga. Caesar mwekee bandi moja ya uzi dhaifu, Cimber akivuta ikatike. Shoneni toga yake ya pili, maana damu ya jukwaani haitoki kirahisi kwenye marekani baada ya mazoezi ya mavazi.

Chakubimbi:
Warumi wenyewe walizisafisha kwa mkojo uliochacha, madobi wakizikanyaga kwa miguu ndani ya mabeseni. Amonia yake inakata mafuta ya sufu. Baadaye walizitandika juu ya tenga na kufukiza salfa chini yake ziwe nyeupe. Kaizari Vespasian alitoza kodi mkojo huo. Mwanawe Titus alipolalamika, alimsogezea puani sarafu ya malipo ya kwanza na kumwuliza kama inanuka. Nyinyi tumieni maji baridi na chumvi mara tu igizo likiisha, kabla damu haijakauka.